Mnaotoa majibu ya mafumbo ya Mr. Robot bila hatua, mnatuharibia

Wakuu,

Uzi huu ni wa malalamiko, anayetaka maneno matamu apite. Mgeni anamaliza kuangalia Mr. Robot, tamthilia ya runinga kuhusu wadukuzi, misimu 4, sehemu zote 45, anakuja kuuliza kuhusu zile tovuti na mafumbo yaliyotoka pamoja na tamthilia. Anajibiwa kwa mstari mmoja: "Jibu hili hapa, bandika." Anabandika, kimya. Akirudi kuuliza, anaambiwa amekosea kunakili. Hajakosea. Waliompa jibu ndio hawajui lilipatikanaje, wamelibeba tu kutoka kwa mwingine ambaye naye alilibeba.

Tuanze na bxjyb2jvda.net, mojawapo ya tovuti hizo, maana hapo upotoshaji umekolea. Miongozo inayozunguka inasema: chukua jina la domeini, lifumbue kwa Base64 (namna ya kuandika data kwa herufi, tarakimu na alama chache), utapata mrrobot. Haya, lifumbueni tuone. Ukiweka bxjyb2jvda== kama lilivyo unapata herufi o, kisha takataka zisizo na maana. Base64 ina alama 64, na b ndogo na B kubwa ni alama mbili zenye thamani mbili. Majina ya domeini hayajali herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo kila mtu huyaandika kwa ndogo tupu na zile kubwa zinapotea njiani. Alama ya = nayo hairuhusiwi kwenye jina la domeini, ikakatwa. Maandishi kamili ni haya:

echo 'bXJyb2JvdA==' | base64 -d

Hapo ndipo mrrobot inatoka. Sasa asiye na jibu mkononi afanyeje? Ahesabu. Jina lina alama 10. Base64 huenda kwa mafungu ya 4, kwa hiyo 10 zinadai = mbili ili zifike 12, na hiyo ina maana kilichofichwa kina baiti 7. Mrrobot ina herufi 7. Basi anachukua neno analolishuku, analigeuza kuwa Base64, anashusha herufi zote ziwe ndogo, analinganisha. Hata hapa kuna mtego, na wengi wanaoandika miongozo wameuingia bila kujua: ukiandika echo mrrobot | base64 utapata bXJyb2JvdAo=, mwisho dAo= badala ya dA==. Echo imeongeza alama ya mstari mpya mwishoni, nayo imehesabiwa kama baiti ya 8. Tumia printf, au echo -n. Dakika mbili za maelezo. Mnashindwa nini?

Na ile i239 inayotangulia jina hilo (i239.bxjyb2jvda.net) si pambo. Ni namba ya mwisho ya anwani ya IP (namba ya kompyuta mtandaoni), 192.251.68.239. Msimu wa kwanza ulikuwa na anwani za uongo, nyingine zenye fungu linalozidi 255, kitu ambacho hakiwezekani kwenye IPv4, mfumo wa anwani hizi. Msimu wa pili, mwaka 2016, watengenezaji wakaanza kuonyesha anwani za kweli, ukiziandika kwenye kivinjari unafika mahali. Hilo ndilo lililowafundisha watazamaji kusimamisha picha kila kompyuta inapoonekana. Kwa hiyo mtu akiuliza "mlijuaje pa kuangalia?", jibu lipo. Msimwambie "ni uzoefu".

Halafu kuna suala la irc.colo-solutions.net. Naona watu wanaelekezwa wafungue irssi (programu ya IRC, mfumo wa zamani wa soga), waunganishe kwenye lango 6667. Ile haikuwa seva ya IRC! Ulikuwa ukurasa wa wavuti ulioigiza IRC, unafunguliwa kwa kivinjari, na majibu ya upande wa pili yaliandikwa kabla. Anayejaribu kwa irssi leo akashindwa anadhani seva imezimwa, kumbe njia yenyewe ilikuwa batili tangu siku ya kwanza. Na majina ya wanaosoga humo yaandikwe sawasawa: samsepi0l ina sifuri, D0loresH4ze ina sifuri na 4. Mkiandika O kwenye uzi, anayenakili atagonga mwamba na hatajua kwa nini.

Picha nazo. Mtu anapakia picha ya QR aliyoipiga kwa simu mbele ya runinga, imepinda, ina mng'ao wa taa, kisha analalamika kwamba "fumbo limekufa". QR inahitaji ukingo mweupe wa angalau vijisanduku 4 pande zote; mkiukata ili picha ionekane nadhifu, visomaji vingi vinagoma. Uwezo wake wa kujirekebisha unategemea kiwango kilichochaguliwa wakati wa kuitengeneza: L hustahimili uharibifu wa takriban asilimia 7, M 15, Q 25, H 30. Hamjui ni kipi kilitumika, kwa hiyo msiibebeshe hasara zaidi. Chukueni fremu kutoka kwenye diski ya Blu-ray badala ya video ya mtandaoni iliyobanwa, nyoosheni pembe nne, kuzeni picha bila kulainisha kingo, kisha igeuzeni nyeusi na nyeupe tupu. Na picha ikishatumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imebanwa upya: taarifa zilizoambatana na faili zimeondolewa, na chochote kilichofichwa kwenye biti za mwisho za rangi kimekufa. Itumeni kama hati.

Sasa hasira niigeuzie watengenezaji kidogo, maana nao si malaika. Sam Esmail, muundaji wa tamthilia, na timu yake, hasa Kor Adana aliyesimamia mafumbo haya, walifanya kazi nzito. Lakini tamthilia iliisha Desemba 2019, na nyingi ya nyongeza hizi zilijengwa juu ya tovuti ambazo uhai wake unategemea mtu fulani kuendelea kulipia domeini. Kitabu cha Red Wheelbarrow cha mwaka 2016, chenye vipande vya karatasi vilivyochomekwa ndani, kitadumu rafuni miaka hamsini. Tovuti haina rafu. Domeini ikiisha muda, yeyote anaweza kuinunua na kuweka apendacho. Kwa sababu hiyo, kumrushia mgeni kiungo cha 2016 bila kukikagua kwanza ni uzembe, na kwa mashabiki wa tamthilia ya udukuzi ni aibu.

Njia salama ni hifadhi ya Wayback Machine, inayotunza nakala za zamani za tovuti, lakini hapo pia mnaelekeza vibaya. Kuandika "ipo Wayback" hakutoshi. Hifadhi ile hunasa faili zilizokuwa zikipatikana kwa kuombwa tu. Fomu iliyotuma jibu kwenye seva na seva ikarudisha kitu, hicho kitu hakimo. Ila kama ukaguzi wa jibu ulifanyika ndani ya kivinjari kwa JavaScript (msimbo wa ukurasa wenyewe), faili ya skripti inaweza kuwa imenaswa, na majibu yote yamo ndani yake yanasomeka. Hatua: fungua web.archive.org/web/*/jina-la-domeini/* upate orodha ya kila faili iliyonaswa; chuja zenye .js, chagua ya tarehe iliyo karibu na siku sehemu husika iliporushwa, kisha kwenye anwani yake ongeza id_ mara tu baada ya zile tarakimu 14 za muda. Hiyo inakupa faili ghafi, bila maandishi ambayo hifadhi huongeza yenyewe. Bila id_ mnasoma msimbo uliochanganywa na wa hifadhi, halafu mnashangaa "fumbo jipya".

Mwisho upande wangu: Looking Glass, nyongeza iliyotumika kuitangaza Mr. Robot. Desemba 2017 watumiaji wa Firefox walikuta nyongeza ya kivinjari wasiyoijua, maelezo yake yakiwa sentensi moja tu kwa herufi kubwa, MY REALITY IS JUST DIFFERENT THAN YOURS. Wanaosema ilikuwa virusi wakome, na wanaosema haikuwa kitu nao wakome. Iliingizwa kupitia mfumo wa Firefox wa majaribio, bila mtumiaji kuulizwa, na hilo peke yake lilitosha kuwaudhi watu. Lakini haikufanya kazi mpaka mtu mwenyewe aende about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox) na kuwasha extensions.pug.lookingglass. Ikiwashwa, iligeuza maneno fulani kichwa chini kwenye kurasa, na iliongeza kichwa cha HTTP (taarifa inayotumwa pamoja na ombi la ukurasa) kiitwacho x-1057 kwa tovuti chache za mchezo. Mozilla iliomba radhi na kuihamishia kwenye duka la nyongeza. Kejeli yake inatosha: tamthilia inayohubiri faragha ikatangazwa kwa kuingia kwenye kompyuta za watu bila hodi.

Semeni.

---

Jibu la 1

Mkuu, umepiga penyewe, lakini nakupinga kwa moja. Wengi hawatoi hatua kwa kuogopa kuharibu uhondo. Mgeni akipewa kila kitu, amebakiza nini cha kufumbua?

Kwenye sauti nakuunga mkono, na umeiruka. Kwenye tamthilia Elliot, mhusika mkuu, anaficha faili ndani ya nyimbo kwa DeepSound, ambayo ni programu ya kweli. Watu wanachukua faili ya WAV, wanaigeuza MP3 "iwe nyepesi", wanaipakia hapa, kisha wanaomba tuifumbue. Hakuna kitu tena ndani. Kugeuza kwenda MP3 kunaandika upya kila sampuli ya sauti, na data iliyofichwa inasagika. Michoro ya spektrogramu (picha ya masafa ya sauti) inaumia kwa namna nyingine: MP3 ya kbps 128 kwa kawaida hukata masafa ya juu ya takriban kHz 16, kwa hiyo kilichochorwa huko juu kinatoweka na mnabaki na nusu ya herufi.

Na milio ya simu msiikisie kwa sikio. Kila kitufe ni toni mbili kwa pamoja. 5 ni Hz 770 na 1336; 8 ni Hz 852 na 1336. Zinashiriki toni ya juu, sikio linadanganyika. Fungua spektrogramu, soma mistari miwili.

---

Jibu la 2

Hoja ya uhondo haisimami. Kidokezo ni kitu kimoja, jibu tupu ni kitu kingine. Jibu tupu ndilo linaloua uhondo, kwa sababu linamnyima mtu njia na bado linamwonyesha mwisho.

Niongeze kero yangu: wanaotafuta maana kwenye majina ya sehemu bila kujua yalivyopangwa. Msimu wa kwanza ni majina ya faili za video, kama eps1.0_hellofriend.mov. Msimu wa pili viambishi vinakuwa vya faili zilizosimbwa, .tc ya TrueCrypt ikiwemo. Msimu wa nne ni misimbo ya HTTP ambayo seva za wavuti hujibu, 401 Unauthorized, 404 Not Found na kuendelea. Mtu anachukua "404" anaitafutia tarehe ya kuzaliwa ya mhusika. Jamani.

---

Mwanzisha uzi

Jibu la 1, nimekubali kwenye sauti, nilipaswa kuianza. Kwenye uhondo, sikubali. Weka hatua ndani ya kificho (spoiler), asiyetaka asifungue.

Kuanzia sasa, anayeweka fumbo aweke pamoja nalo: msimu na sehemu, dakika na sekunde lilipoonekana, faili asilia bila kukatwa, na sha256sum yake (alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili, hubadilika faili ikiguswa) ili anayeipakua ajue haijaguswa. Anayeweka jibu aandike amri kamili aliyoitumia, na tarehe aliyoijaribu. Mambo ya "nimeikuta mahali" tuachane nayo.

Na kuna mwenye faili za .js za conficturaindustries.com, tovuti nyingine ya mafumbo haya, alizonasa mwenyewe mwaka 2016, nje ya Wayback? Aseme hapa, atoe sha256sum kwanza kabla ya kupakia, tulinganishe na zilizomo kwenye hifadhi.