Mafundi redio wa gari hapa mjini, kwanini mnakata waya kabla ya kupima moto (umeme)??

Jamani leo naandika nina hasira na sitaki mtu aniambie nisubiri. Gari yangu Toyota IST, redio ilikuwa ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani, FM inaishia 90, stesheni za juu ya hapo haishiki, sawa, lakini mie haja yangu CD ya Qur'an nikipeleka watoto chuoni. Ikazima ghafla, haiwaki kabisa, na siku hiyo hiyo taa ya ndani nayo ikafa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja huku Mwanakwerekwe, Unguja, jina naliacha, nikamwambia kwa mdomo wangu, sheikh, na taa ya ndani haiwaki. Hata hakunijibu. Hakushika mita, hakushika testa, boksi la fyuzi hakulifungua, kabonyeza bonyeza pale akasema hii ishaungua, chukua redio ya Android, hizi za skrini, ninayo hapa.

Akaikata kwa koleo soketi yote ya gari inayochomekwa kwenye redio, wakati kuna adapta za Toyota unachomeka tu bila kukata kitu. Halafu waya wa njano na mwekundu wa redio mpya kavisokota pamoja. Wa njano ni wa moto wa kudumu, ndio unaoshika saa na stesheni, mwekundu unapata moto ukizungusha ufunguo tu, sasa ukiziunga pamoja redio hailali inakula betri usiku kucha. Na huo moto kauvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri bila fyuzi. Bila fyuzi wallahi! Waya ule ukichubuka ukagusa bodi gari inaungua na wanangu wamo ndani.

Asubuhi gari haina hata nguvu ya kupiga stata. Narudi kwake ananambia betri yako mbovu. Nimeipeleka kwengine ikachajiwa ikapimwa, inasoma volti 12.6, nzima. Na sasa hiyo Android yenyewe haiwaki, waya mweusi wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi, kaufunga kwenye skrubu imejaa kutu na rangi, hapo umeme utapita wapi?

Nikampigia shemeji yangu yuko Chake Chake, Pemba, kitu cha kwanza kuniuliza, taa ya ndani vipi? Nikamwambia imekufa siku moja na redio. Akasema hebu kachomoe fyuzi iloandikwa DOME, Toyota nyingi hiyo ndio inayopeleka moto wa kudumu kwenye taa ya ndani na redioni. Naichomoa, imekatika. Nimetia nyengine ya shilingi mia tano, taa ikawaka pale pale!!

Yani mtu kanilipisha redio nzima kwa fyuzi ya mia tano. Na ile yangu ya zamani alisema niachie hilo bovu, nimeifuata ananambia kashaiuza. Kama ilikufa kaiuza kwa nani??

Nishamwambia nataka pesa yangu au redio yangu, kama hataki tutakutana kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Sasa mwenye kumjua fundi Unguja hapa anayepima kwa mita kwanza, na wapi napata soketi ya redio ya Toyota iliyotolewa kwenye gari jengine na waya zake ndefu nirudishie, nitumieni inbox, gari naitumia kila siku na huo waya usio na fyuzi nimeukata mwenyewe leo.