Vitabu vya Star Wars vinaongeza nini kuhusu Himaya ambacho filamu hazisemi?

mtoto_wa_Makorora:
Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza Andor, ule mfululizo wa Star Wars wa watu wa kawaida chini ya Himaya (udikteta unaotawala galaksi), misimu yote miwili, ule wa 2022 na wa 2025, na tangu hapo filamu za zamani zinanishinda. Darth Vader, yule mtumishi wa mfalme mwenye kofia nyeusi, akitokea naona zimwi la kutishia watoto. Kilichonitisha mimi ni yule kijana Syril wa kwenye Andor, afisa wa usalama wa kampuni, aliyeirekebisha sare yake mwenyewe ikawa na mifuko na imkae vizuri. Hajaumiza mtu bado, anapenda sare tu, lakini nilimwogopa.

Binamu yangu ananiambia, basi soma vitabu. Nilicheka. Vitabu vinavyotembea mgongoni mwa filamu nilikuwa naviweka kundi moja na fulana na vikombe. Sasa naulizia kwa wanaojua: vipo vinavyoonyesha udikteta kutoka ndani, au ni vyombo vya anga vinafukuzana kurasa 400? Na nianze na kipi? Kiingereza changu ni cha kuungaunga.

Jedi_Mstaafu:
Anza na Tarkin cha James Luceno, 2014. Kinakueleza Tarkin, yule mzee wa Death Star (kituo cha anga cha kulipua sayari), alikulia wapi (sayari ya Eriadu, maisha magumu), na ile falsafa yake kwamba watu watawaliwe kwa kuiogopa nguvu kuliko nguvu yenyewe. Tahadhari moja: ukikuta kitabu kimeandikwa "Legends" kiache kwanza. Vyote vya kabla ya Aprili 2014 viliwekwa kando, havihesabiwi tena kwenye simulizi rasmi. Utachanganyikiwa bure.

Zamu_ya_Usiku:
Mdogo wangu, Tarkin kizuri lakini usianze nacho. Ukianza na mkubwa utadhani udikteta ni habari za wakubwa. Hapo hapo ndipo filamu zilipotuacha.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nimeshikwa na vitabu hivi. Nakaa mbele ya skrini 12 kwenye jengo moja la biashara, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Maduka yakishafungwa hakuna cha kutazama zaidi ya paka na walinzi wenzangu wanaosinzia. Nasoma kwenye simu, mwanga nimeupunguza hadi mwisho. Kwa miaka mitatu nimevimaliza karibu kumi hivi.

A New Dawn cha John Jackson Miller kilitoka Septemba 2014, cha kwanza kwenye utaratibu mpya. Wengi wanakisomea Kanan na Hera, wale wa katuni ya Rebels. Mimi nilikisomea mama mmoja anaitwa Zaluna Myder. Si binadamu, ni Msullusta, wale wenye macho makubwa. Kazi yake sayari ya Gorse ni kutazama na kusikiliza watu kwa kamera na vinasa sauti. Angalia sasa: si askari huyu. Ameajiriwa na kampuni. Kazi hiyo ameianza zamani, enzi za Jamhuri, serikali iliyotangulia Himaya, Palpatine hajajitangaza kuwa mfalme wa galaksi. Himaya haikujenga chumba kile, ilikikuta kina viti, kina mitambo na kina watu waliokwisha kuzoea. Ikabadilisha tu anayepelekewa taarifa.

Na Zaluna si mtu mbaya. Anawajua watu ambao hawajawahi kumwona, na anajivunia kuwajua. Halafu siku moja wanakuja kumchukua Hetto, mfanyakazi mwenzake, mule mule ofisini. Hetto alikuwa amekusanya kwa siri taarifa za jinsi Himaya inavyochungulia watu, na kile kidude alichozihifadhia kinabaki kwa Zaluna. Mama wa watu hajawahi kuasi hata foleni. Nilipofika hapo nilifunga simu nikatoka nje kupata hewa.

Kisa ni kwamba mwaka juzi msimamizi wangu alinijia na ombi dogo. Alitaka nimtolee picha za kamera ya nyuma, pale wafanyakazi wa usafi wanapokunywa chai, za wiki mbili. Nikamuuliza kuna wizi? Akasema hapana, wanataka kujua nani anakaa na nani. Ilinichukua dakika 40. Nikaweka saini kwenye rejista, nikarudi kwenye kiti. Mwezi uliofuata mmoja wao hakuonekana tena. Inawezekana mkataba wake uliisha, mikataba yao ni mifupi. Sisemi zaidi ya hapo.

Turudi kwenye vitabu. Cha pili soma Lost Stars cha Claudia Gray, 2015. Watakwambia ni cha vijana na ni cha mapenzi, na kweli ni hivyo, lakini kile chuo cha kijeshi kilichomo humo hakijapata mfano kwenye filamu yoyote. Thane na Ciena, vijana wawili wa kisa hiki, wametoka sayari moja, Jelucan, milimani huko, mmoja wa familia yenye uwezo na mwingine wa watu wa bondeni wanaodharauliwa. Wamejifunza kurusha pamoja tangu utotoni. Wanajiunga na jeshi la Himaya kwa sababu wanapenda kuruka, basi. Chuoni, kazi ya vitendo ya Thane, mzinga wa leza, inahujumiwa, na ushahidi unamwelekea Ciena. Wanagombana, wananyamaziana muda mrefu. Aliyehujumu ni chuo chenyewe! Wakubwa hawakupenda wanafunzi wawili wa kwao mmoja kushikamana kuliko wanavyoshikamana na Himaya. Hakuna aliyepigwa wala kufungwa. Ilitosha kuchezea kumbukumbu, kisha kuwaweka watu wawili mbele yake.

Sayari ya Alderaan inapolipuliwa na Himaya, kwenye filamu ni sekunde chache na uso wa Leia, binti mfalme wa huko. Kwenye kitabu hiki kuna Nash, rafiki yao, mtoto wa Alderaan. Jeshi lake limeua kila mtu aliyemjua. Ungedhani ataondoka. Habanduki, tena anazidi kuwa mkali kuliko wote, maana akikiri kwamba Himaya ilikosea atabaki na nini? Thane ndiye anayetoroka. Ciena anabaki kwa sababu ya kiapo. Kwao ukiapa umeapa. Hata mama yake anaposingiziwa ubadhirifu, akaenda nyumbani kwenye kesi ambayo hukumu yake imeshaamuliwa kabla ya kusikilizwa, bado anarudi kazini.

Cha tatu Catalyst, Luceno huyo huyo, 2016, kabla tu ya filamu ya Rogue One. Kirefu na katikati kinachosha, nisikudanganye. Lakini mtazame Krennic, afisa wa Himaya anayesimamia ujenzi wa Death Star, anavyomnasa mwanasayansi Galen Erso. Hamtishi. Anampa maabara, anampa nyumba, anamkumbusha urafiki wao wa shule, anamwambia utafiti huu ni wa nishati nafuu kwa sayari maskini. Na pembeni kuna mchezo ambao ningependa kila mtu ausome: zipo sayari zilizolindwa kisheria zisichimbwe. Krennic anamtumia mfanya magendo apeleke silaha huko kimyakimya. Kisha Himaya "inagundua" silaha, inaingia kulinda usalama, na mitambo ya kuchimba inafuata nyuma. Sheria haikufutwa. Ilizungukwa tu.

Samahani kwa urefu, zamu bado mbichi.

Bi_Nuru_K:
Kaka Zamu umeandika vizuri, ila Ciena mimi alinikera mpaka nikakiweka kitabu chini wiki nzima. Kiapo, kiapo, kiapo! Na tusijidanganye, vitabu hivi havina msimamo mmoja. Soma vile vya Thrawn vya Timothy Zahn vilivyoanza 2017. Jamaa ni afisa wa Himaya, ana akili kuliko wote chumbani, anatazama sanaa za adui anajua atapigana vipi, na ukifika sura ya tano unamshangilia. Unamshangilia nani? Mtu anayepandishwa vyeo na serikali ile ile. Mwandishi hodari, lakini Himaya inageuka mashindano ya akili na wanaoumia wanakaa mbali na macho ya msomaji.

Mimi ningemwambia huyu mdogo wetu asome Bloodline, wa Claudia Gray pia, 2016. Himaya imeshaanguka zamani, Leia yuko kwenye Seneti ya Jamhuri Mpya ambayo haiwezi kupitisha hata azimio la maana. Yumo seneta kijana, Ransolm Casterfo, anakusanya kofia na silaha za enzi ya Himaya na kuzipamba ofisini. Leia anaziona anataka kutapika. Halafu unakuja kujua utoto wa huyu Casterfo: kwao Riosa watu walifanyishwa kazi kwa nguvu viwandani, wazazi wake wakiwamo. Anamchukia Palpatine na Vader kwa moyo wote. Anachotamani ni ule utaratibu, mambo yaende, mtu mmoja akiamua iishe. Nimewasikia watu wa aina hiyo kwenye daladala, na wengine ni wajomba zangu ninaowapenda.

Jedi_Mstaafu:
Bi Nuru, kwa Thrawn tutagombana siku nyingine 😄. Nakubali kuhusu Bloodline. Ongezeni The Mask of Fear cha Alexander Freed, kimetoka 2025, cha mwaka ule wa kwanza wa Himaya. Seneta Mon Mothma anahangaika kupitisha muswada Seneti wa kumpunguzia mfalme madaraka, anahesabu kura moja moja. Kwa aliyetoka kwenye Andor ni kama kukutana na mtu unayemfahamu, bado hajajifunza kuogopa.

Zamu_ya_Usiku:
Dada Nuru, Ciena alinikera na mimi. Nadhani alinikera kwa sababu namwelewa.

mtoto_wa_Makorora:
Asanteni sana wakubwa zangu. Nimepata A New Dawn ya kusikiliza, ikanirahisishia Kiingereza. Jana nimefika pale Hetto anapochukuliwa. Kilichonishika ni kwamba wenzake wote wanaona. Wanaona, kisha wanarudi kwenye skrini zao, kazi inaendelea.

Kaka Zamu, samahani kama nauliza yasiyonihusu. Yule wa usafi alirudi?

Zamu_ya_Usiku:
Hujakosea kuuliza. Hakurudi, na mimi sikuuliza. Kikombe chake bado kipo kwenye kabati la chumba cha walinzi, cha bati, kimeandikwa herufi F kwa rangi ya kucha. Hakuna anayekitumia.

Ukimaliza hicho niambie, nikupe Lost Stars. Ninayo ya karatasi, imechakaa jalada tu.