Pawa saplai ya king'amuzi inalia "tik tik" na haishiki: naomba kueleweshwa inavyofanya kazi

Fundi wa Ngamiani
Ndugu wanajukwaa, asalaam aleikum. Nina kibanda cha ufundi hapa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka mingi nimetengeneza redio za transfoma nzito ya chuma. Mteja ameniletea king'amuzi ambacho bodi yake ya umeme inalia "tik, tik", huku taa ya mbele ikiwaka na kuzima. Fyuzi ni nzima, na kwenye kapasita kubwa napata volti 320 na ushee. Wenzangu wananishauri nibadilishe transista kwanza, lakini sipendi kula fedha ya mtu kwa kubahatisha. Naomba kueleweshwa saketi hii inafanyaje kazi, na nianzie wapi kupima.

Mkufunzi wa Chumbageni
Waaleikum salaam, fundi. Kipimo chako kimeshasema mengi. Umeme wa mkondo geu wa volti 230 hupita kwenye dayodi nne na kuwa mkondo mnyoofu, na kapasita ile hujaa mpaka kilele cha wimbi, yaani 230 mara 1.41, ambayo ni karibu volti 325. Kwa hiyo mpaka hapo njia ni nzima.

Kinachofuata ndicho ambacho redio zako hazikuwa nacho. Transista huukatakata umeme huo kwa kuwaka na kuzima, pengine mara 100,000 kwa sekunde, ilhali umeme wa nyumbani una mizunguko 50 tu. Inapowaka, transfoma hujaza nguvu ya sumaku. Inapozima, nguvu hiyo hutolewa upande wa pili kupitia dayodi ya kutolea. Kwa kuwa kila mzunguko hubeba nguvu kidogo sana, transfoma ndogo yenye kiini cha feraiti, aina ya kauri ya sumaku, inatosha mahali pa ile ya chuma. Volti zikipanda au kushuka, kile kipande cheusi cha miguu minne hupeleka taarifa kwa mwanga mpaka kwenye aisi, yaani chipu inayoiongoza transista, nayo hupunguza au kuongeza muda wa transista kuwaka.

Sasa, huo mlio. Aisi huanza kazi kwa umeme mdogo unaopita kwenye resista na kujaza kapasita iliyo jirani yake, kisha hutegemea umeme unaotoka kwenye transfoma yenyewe. Upande wa kutolea ukiwa na shoti, au kapasita hiyo ikiwa imekauka, aisi hukosa nguvu, huzima, kisha hujaribu upya, na kila jaribio ni "tik" moja. Transista iliyoungua kwa kawaida huondoka na fyuzi. Yako haina dalili hiyo.

Bi. Saketi
Kabla hujagusa chochote, kaka, chomoa plagi na uiache kapasita kubwa ijimalize kupitia resista ya kiloomu 2 ya wati 5, wala usiipige shoti kwa bisibisi. Kumbuka pia kwamba pande mbili za transfoma hazina hasi moja: ukipima upande wa volti 12 huku waya mweusi wa mita uko upande wa kapasita kubwa, namba utakayopata haina maana. Unapowasha kwa majaribio, unga balbu ya waya ya wati 60 kwa mfuatano na waya wa umeme unaoingia, ili kama kuna shoti iwake balbu badala ya kuungua vifaa.

Fundi wa Ngamiani
Nawashukuru sana. Nimechomoa waya unaokwenda kwenye bodi kuu, mlio ukaendelea. Dayodi ya kutolea nimeinyanyua mguu mmoja, nayo inapitisha pande zote mbili badala ya upande mmoja. Kapasita ya pembeni yake imevimba kichwa. Je, naweza kuweka dayodi ya 1N4007, ambayo ninazo nyingi?

Mkufunzi wa Chumbageni
Hapana, fundi. Hiyo imetengenezwa kwa mizunguko 50, hivyo kwa kasi hii haiwahi kujifunga. Itachemka na kuungua, na aisi itarudi kulia vilevile. Tafuta ya Schottky, yaani dayodi ya kasi, yenye ampea na volti zisizopungua za ile iliyotoka. Kapasita nayo ibadilishe sasa hivi, uweke ya kuhimili joto la nyuzi 105 iliyotengenezwa kwa ajili ya saketi za kasi, kwa sababu ya kawaida huchemka upesi ikiwekwa hapo. Ukishamaliza, pima volti 12 kabla hujarudisha waya wa bodi kuu.