Tupeane uzoefu: fizi kutoka damu wakati wa ujauzito

Mwanzisha mada, Dodoma
Habari zenu, ndugu zangu. Nina ujauzito wa miezi mitano, na kwa muda sasa fizi zangu zimevimba na kuwa nyekundu, na kila ninapopiga mswaki natema povu lenye damu. Mama mkwe, kwa upendo kabisa, ananiambia nivumilie kwa kuwa kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Kliniki wananipima uzito, presha, damu na mkojo, lakini kinywa hakijawahi kutajwa. Naomba waliopitia hali hii waeleze walisaidikaje.

Mama wa Wawili, Tanga
Pole dada, na hongera. Mimba yangu ya kwanza ilinitapisha sana, na hamu yangu yote ilikuwa kwenye ndimu, ukwaju na embe mbichi. Muuguzi alinielekeza nisipige mswaki mara tu baada ya kutapika, kwa sababu asidi ya tumboni huwa imelainisha tabaka la nje la jino. Badala yake nisukutue kwa kikombe cha maji chenye kijiko cha chai cha bekingi soda, niteme, kisha nisubiri kama saa moja. Tafadhali iwe bekingi soda ya maandazi, wala si magadi ya kupikia maharage, ambayo ni makali.

Mama Kanda ya Ziwa, Mwanza
Mimi niliota kiuvimbe chekundu kati ya meno mawili ya mbele, kikawa kinatoka damu hata nikila muwa, na nilikwisha kuamini kwamba ni saratani. Daktari wa kinywa na meno alikichunguza, akanieleza kwamba uvimbe wa aina hiyo hujitokeza kwa baadhi ya wajawazito na si saratani, akanisafisha meno na kuniambia tusubiri. Baada ya kujifungua kilinywea chenyewe hadi kikatoweka.

Tabibu wa meno, Mombasa
Dada wa Dodoma, mimba hupandisha homoni za estrojeni na projesteroni, mishipa midogo ya damu ndani ya fizi ikatanuka, na fizi zikaanza kuvimba kwa sababu ya ukoga uleule ambao zamani zilikuwa zikiuvumilia. Kwa kawaida hali hii huanza kuonekana mwezi wa pili na hufikia kilele mwezi wa nane. Homoni huwezi kuzizuia, lakini ukoga unaondoleka, na ndiyo maana inaniuma sana ninapomwona mama ambaye, kwa kuogopa damu, amepaacha mahali panapotoka damu bila kupapiga mswaki, ukoga ukakauka na kuwa mgumu, yaani ugaga, na damu ikazidi. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa mswaki laini na dawa yenye floridi, ukiuinamisha kidogo pale jino linapokutana na ufizi, na kuuzungusha taratibu bila kusugua kwa nguvu. Ugaga hautoki kwa mswaki; lazima ukwanguliwe na mtaalamu.

Kuhusu jino la mama, kwa heshima zote kwa wazee wetu, mtoto hachukui kalsiamu kwenye meno. Jino linalong'oka limeoza au limepoteza ufizi unaolishikilia.

Wako wanaosikia kwamba ugonjwa wa fizi huleta uzazi wa kabla ya wakati, wakapata hofu. Ni kweli kwamba mambo hayo mawili huonekana pamoja mara nyingi. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Marekani kwa wanawake 823 na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kutibu fizi wakati wa ujauzito hakukupunguza uzazi huo, ingawa fizi zenyewe zilipata nafuu na matibabu yalikuwa salama. Kwa hiyo tibiwa kwa ajili ya fizi zako, na usikubali kuambiwa urudi ukishajifungua. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio wakati mwepesi wa kukaa kwenye kiti, na sindano ya kawaida ya ganzi inaruhusiwa. Usaha au maumivu makali hayangoji mwezi wowote.

Mama wa Leicester
Kwa wenzetu mlioko Uingereza: matibabu ya meno ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ni bure wakati wa ujauzito na kwa miezi 12 baada ya kujifungua. Mwombeni mkunga awasaidie kupata cheti cha msamaha wa malipo mapema.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Tabibu, jino likiniuma usiku kabla sijamfikia daktari, nimeze nini?

Tabibu wa meno, Mombasa
Parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa. Ibuprofeni usiitumie bila idhini ya daktari, hasa kuanzia wiki ya 20. Antibiotiki zilizobaki nyumbani usiziguse, kwa maana baadhi yake, kama tetrasaiklini, hubadilisha rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni. Asubuhi nenda hospitali ukiwa na kadi yako ya kliniki, na umwambie daktari wa meno umri wa mimba kabla hajaanza kukutibu.