Mnatuuzia intaneti Dodoma, mnasema "weka DDNS tu", huku mnajua haitafanya kazi!

Wakuu, leo mnivumilie, nimechoka.

Nina ghala la mahindi Kibaigwa, mwenyewe naishi Dodoma mjini. Nimefunga kamera ghalani ili nione kwenye simu malori yanayoingia usiku. Aliyeniuzia intaneti alisema IP (anwani ya mtandaoni) inabadilikabadilika, niweke DDNS, yaani jina linaloifuata IP kila inapobadilika, mambo yatakaa sawa. Nikasajili jina, nikaweka ddclient, programu ya kusasisha jina hilo, kwenye kompyuta ya pale ghalani, daemon=300 yaani inakagua IP kila dakika 5, nikafungua porti (milango ya kuzifikia kamera) kwenye rauta. Logi inaandika SUCCESS. IP ikibadilika, jina linafuata. Kamera hazifunguki ng'o!

Piga huduma kwa wateja sasa. Zima rauta, washa. Ukipiga tena unapokelewa na mwingine, anaanza moja: "Ndugu mteja, umejaribu kuzima rauta?"

Nikaingia kwenye rauta yenyewe, ukurasa wa WAN, yaani upande wa rauta unaotazama intaneti. IP inaanza na 100.82. Mafundi humu washaelewa. Kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ni anwani zilizotengwa mwaka 2012 ili watoa huduma waweke wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Ndiyo hiyo CGNAT. ddclient yangu inauliza tovuti ya nje, inapewa IP ya wote, inaisajili kwa jina langu. Simu ikiifuata inaishia kwenye mtambo wa kampuni, na mtambo haujui umpelekee nani. Porti nilizofungua ghalani hazifikiwi kabisa. DDNS inafuata IP yako inapohama, lakini hii si yangu, tumepangishwa wengi humo!

IPv4, yaani hizi IP za kawaida, ni haba dunia nzima, hilo sibishi. Ila semeni kabla hamjachukua hela ya mtu. Mnajua kabisa mteja yuko nyuma ya CGNAT, bado mnamwacha ahangaike na mipangilio usiku kucha. Nikiomba IP ya umma naambiwa hiyo ni ya kifurushi cha makampuni. Mkulima na mfanyabiashara wa Kibaigwa hana mali ya kulinda?

Mlioko Kongwa, Mpwapwa, Bahi, fungueni ukurasa wa WAN mseme mnaona namba gani. Na mwenye WireGuard (programu ya VPN, njia ya siri mtandaoni) inayopitia seva ya kukodi anipe maelekezo, maana kwa hiyo kompyuta ya ghalani ndiyo inaanza kuunganika kwenda nje, haisubiri kugongewa. Na kama kuna mtu wa kampuni humu ajibu hapahapa: mteja wa kawaida mnampa IP ya umma au hamumpi?