Ushauri: taa ya banda la kuku inayojiwasha giza likiingia, transista inachemka

MfugajiKasese
Wakuu, habari za jioni. Niko Kasese. Nimeunganisha taa ya kujiwasha yenyewe bandani: betri ya sola ya volti 12 (7Ah, yaani ampia-saa 7), sensa ya LDR (rezista ambayo upinzani wake hubadilika kwa mwanga), transista moja ya BC547 na mkanda wa LED unaokula ampia 0.3. Giza likianza mkanda unapepesa, na transista inachemka hadi haishikiki. Nirekebishe wapi?

WayaMwekundu
Ndugu, BC547 mwisho wake ni miliampia 100, wewe unaidai mara tatu. Iache iwashe rilei tu (swichi inayovutwa na koili yake ya waya), rilei ndiyo ibebe mkanda. Koili ya rilei ya volti 12 hula kama miliampia 30.

Tumia BC547 mbili (miguu yake ni beisi, kolekta na emita): emita ya kwanza iingie kwenye beisi ya pili, kolekta zote ziungane na upande mmoja wa koili, upande wa pili wa koili uende chanya. Emita ya pili iende hasi. Kutoka chanya hadi beisi ya kwanza weka rezista ya 10k (omu 10,000), kisha ya kuzungusha ya 100k. Ile 10k usiiruke, maana ukizungusha hadi sifuri beisi itapigwa na volti 12 zote. LDR ikae kati ya beisi na hasi. Mchana upinzani wake ni mdogo, beisi inakosa volti. Giza likiingia upinzani unapanda na transista zinafunguka.

Sambamba na koili weka dayodi ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), upande wenye mstari ukiwa chanya. Tafadhali usiisahau. Koili ikikatiwa umeme hutupa volti kubwa ya ghafla, na transista hufia hapo.

BintiMbarara
Kaka, kupepesa nadhani ni mwanga wa mkanda wenyewe kuangukia LDR. Taa ikiwaka, sensa inaona kumekucha. Ifunge kwenye kipande cha bomba jeusi, itazame nje ya banda. Rilei nayo itasaidia: ikishavuta haiachii mpaka umeme wa koili ushuke sana.

Na hapo kwenu ikweta inapita, jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Ukishaitega vizuri hutaigusa kila msimu.

MfugajiKasese
Asanteni sana. LDR kweli inatazama ndani. Ninayo rilei ya volti 5 kutoka redio mbovu, itafaa?

WayaMwekundu
Hapana, koili yake itaungua kwa volti 12. Tafuta ya 12. Pia piga hesabu ya betri: 0.3 kwa saa 12 ni 3.6Ah, bado ya rilei. Hiyo ni zaidi ya nusu ya betri yako kila usiku, na betri ya risasi haidumu hivyo. Kata mkanda nusu, au tafuta betri ya 12Ah. Umeme wa ukutani wa volti 240 usiusogeze kabisa kwenye saketi hii.