Naomba ushauri: Je, mtandao wenye kasi zaidi hula kifurushi zaidi?

Mwalimu wa Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kuhusu jambo lililozua ubishi nyumbani kwangu na katika ofisi ya walimu, kwa kuwa kila ninayemuuliza ananijibu kwa uhakika lakini sijapata wawili wanaokubaliana.

Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Ujiji. Kabla ya kuhamishiwa mjini nilifundisha katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Uvinza, ambako simu ilishika 3G kwa taabu na mara nyingi ilishuka hadi 2G. Kifurushi cha wiki kilinitosha, na wakati mwingine muda wake uliisha kukiwa bado na salio. Sasa simu ni ileile, laini ileile na kifurushi kilekile, ila mtandao ni 4G tangu asubuhi hadi usiku, na kifurushi ninachojiunga Jumatatu hakifiki Ijumaa. Matumizi yangu, kwa kadiri ninavyoyaona mimi, hayajabadilika: makundi ya WhatsApp ya kazi na ya familia, mihadhara ya YouTube ninayoitumia kuandaa vipindi, na video fupi kidogo kabla ya kulala. Jioni mke wangu huunganisha kompyuta yake kwenye simu yangu kwa hotspoti, ili awatumie wateja wake wa Dar es Salaam bei na picha za dagaa na migebuka.

Shemeji yangu ananishauri niifunge simu kwenye 3G. Mwalimu mwenzangu anasema mita ya kampuni za simu hukimbia zaidi ukiwa kwenye 4G. Je, kasi yenyewe ndiyo inayokula kifurushi? Na niachane na mpango wa kununua simu ya 5G?

Kibirizi Bandarini

Mwalimu, msikilize shemeji yako. Mimi niliiweka simu kwenye 3G na bando linanifikisha mwisho wa wiki. Ukiwaachia wataalamu, utapata maelezo mengi na kifurushi kitaendelea kukata.

Fundi wa Gungu

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Shemeji yako na Ndugu Bandarini wameona jambo la kweli, isipokuwa sababu wanayoitaja siyo. Naomba uvumilivu wako, maana jibu ni refu.

Kifurushi huhesabu ukubwa wa kinachopita, hakihesabu mwendo wake. Waraka wa MB 5 uliotumiwa na mkuu wa shule utakata MB 5 na ushei kidogo, uwe umeupokea kwa 3G baada ya kusubiri au kwa 4G papo hapo. Gunia la dagaa la kilo 50 halizidi uzito kwa kupandishwa lori badala ya baiskeli kutoka Kibirizi hadi sokoni. Tatizo ni kwamba mwenye lori hapakii gunia moja, na hilo ndilo linalokutokea wewe bila kuambiwa.

Chukua YouTube. Video unayoitazama haitumwi kama faili moja. Imekatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimeandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, kuanzia 144p, 240p na 360p hadi 720p, 1080p na zaidi. Programu iliyo kwenye simu yako hupima kipande kilichotangulia kimefika kwa haraka kiasi gani, kisha huomba kinachofuata kwa ubora ambao mtandao unaweza kuubeba. Kule Uvinza ulikuwa ukipewa ubora wa chini kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Hapa mjini programu ileile inaona njia ni nyeupe, na ubora unapanda wenyewe. Wewe unasema matumizi hayajabadilika kwa sababu unahesabu muda uliokaa mbele ya kioo, ilhali kampuni inahesabu baiti.

Hebu tupige hesabu. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, kifurushi hupimwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Video inayovuta nusu megabiti kwa sekunde itakula takriban MB 225 kwa saa. Ikipanda na kuvuta megabiti 2.5 kwa sekunde, saa hiyohiyo moja itakula takriban MB 1,125, yaani mara tano, na kwenye kioo kidogo cha simu huenda usione tofauti inayostahili fedha hiyo. Muhadhara wa mtu aliyesimama mbele ya ubao hauhitaji 1080p.

Video fupi ni mbaya zaidi. Programu nyingi za aina hiyo hupakua mapema video zinazofuata ili ukitelezesha kidole usisubiri. Mtandao ukiwa na kasi, zinafika nyingi kabla hujaziomba, na hata zile unazoziruka baada ya sekunde 2 zinakuwa zimekwisha kukatwa kwenye salio.

Kuna jambo moja ambalo kasi hula kifurushi waziwazi: vile vipimo vya kasi ya mtandao ambavyo vijana hupenda kuviendesha ili kutambiana. Vingi huendeshwa kwa sekunde kadhaa zilizopangwa na si kwa faili la ukubwa maalumu, kwa hiyo kadiri mtandao unavyokuwa mwepesi ndivyo kinavyovuta zaidi. Mtandao wa megabiti 40 kwa sekunde utakula takriban MB 50 kwa kipimo cha sekunde 10, na hapo bado kipimo cha kupakia hakijaanza.

Ushauri wangu: usiufunge mtandao, zifunge programu. Ndani ya YouTube kuna sehemu ya kuchagua ubora wa video unapotumia data ya simu, nawe uchague kiwango cha kuokoa data. Kwenye WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, uzuie picha na video kujipakua zenyewe. Android kuanzia toleo la 7 ina kiokoa data kinachozuia programu usizozitumia kuvuta data kwa siri. Halafu fungua ukurasa wa matumizi ya data ndani ya mipangilio uone programu ipi inaongoza. Ukipata majibu, yalete hapa.

Kibirizi Bandarini

Fundi, kwa maelezo yako mwenyewe, nikiwa 3G video zinashuka ubora na bando linadumu. Sasa nimekosea wapi?

Fundi wa Gungu

Hujakosea matokeo, ndugu yangu, ila unalipia kwa njia nyingine. Kwenye 3G iliyolemewa na watu, vipakuzi hukatika katikati, na baadhi ya programu huanza upya tangu mwanzo badala ya kuendelea pale zilipoishia, kwa hiyo data ya awali imekwenda bure. Vipande vinavyopotea njiani navyo hutumwa tena. Vilevile unajinyima kasi hata pale ambapo haikugharimu chochote cha ziada, kama kutuma barua pepe au kufungua fomu ya serikali. Mwalimu anayejaza taarifa za wanafunzi mtandaoni usiku wa mwisho hatakushukuru kwa ushauri wa 3G. Kama mtu hataki kugusa mipangilio ya programu mojamoja, basi 3G ni njia ya mkato inayofanya kazi, na nisiwe mkaidi kulikataa hilo.

Mha wa Kasulu

Mnawatetea sana hawa watu wa kampuni. Mbona sisi tunaona kabisa kwamba wanapunja? Kifurushi kinakatika usiku watu wamelala.

Fundi wa Gungu

Ndugu wa Kasulu, sitetei mtu, nataka tupime kabla ya kulaumu. Simu ina kaunta yake isiyotegemea kampuni. Siku ya kujiunga, weka mzunguko wa kaunta hiyo uanze siku hiyohiyo, kisha linganisha na salio unaloonyeshwa na mtoa huduma. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa kuwa kila upande una namna yake ya kuhesabu. Tofauti ikiwa kubwa, unao ushahidi wa kupeleka malalamiko kwa mtoa huduma, na usiporidhika unaenda TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni zilizotangazwa na mamlaka hiyo mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma akujulishe matumizi yanapofika asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi, hivyo usizifute zile jumbe. Ama kuhusu usiku, mara nyingi ni masasisho ya programu na nakala za picha zinazopandishwa mtandaoni wakati simu imetulia kwenye chaji.

Binti Manyovu

Naomba kuchomekea jambo kwa sisi tunaoishi mpakani, ingawa Mwalimu hakuliuliza. Huku simu inaweza kushika mnara wa Burundi bila wewe kujua, na hapo gharama si za kifurushi chako tena. Zimeni data ya nje ya nchi kwenye mipangilio. Hilo halihusiani na 3G wala 4G.

Mwalimu wa Ujiji

Nawashukuru nyote, na wewe Fundi zaidi. Nimefungua ukurasa wa matumizi kama ulivyoelekeza. Nilitarajia YouTube iongoze, lakini iko nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza ni hotspoti, na imeiacha YouTube mbali. Mke wangu anaapa kwamba anatuma picha na bei tu, nami namwamini, kwa sababu nakaa naye pale mezani. Video fupi ni za tatu, na hapo sina la kujitetea.

Fundi wa Gungu

Mwalimu, mwamini mkeo kabisa. Anayekula ni kompyuta. Ikiunganishwa na hotspoti, huiona kama Wi-Fi ya kawaida na kudhani data haina mwisho, hivyo huanza kushusha masasisho ya Windows na kupandisha mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kule kijijini kasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikufika mbali kabla hajaizima. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, GB 1 inachukua zaidi ya saa moja kushuka. Kwa megabiti 24 inashuka chini ya dakika 6, yaani kabla hajamaliza kuandika bei ya gunia la kwanza.

Kwenye Windows 10 na 11, fungua mipangilio ya mtandao, chagua jina la hotspoti yako, kisha uwashe kipengele kinachoutambulisha kuwa mtandao wa kulipia kwa kipimo. Masasisho mengi yatasubiri. Simu za Android nazo zina kipengele kama hicho zinapounganishwa na hotspoti ya simu nyingine.

Mwalimu wa Ujiji

Nimekiwasha sasa hivi, tutaona wiki ijayo. Limebaki swali la simu ya 5G.

Fundi wa Gungu

Huduma ya 5G ilianza kuuzwa nchini mwaka 2022, lakini kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwa mtoa huduma wako kwamba inafika Ujiji unapoishi, maana bila mnara utakuwa umenunua 4G kwa bei ya juu. Kuhusu data, kanuni ni ileile, ila baadhi ya simu zimetengenezwa makusudi zitumie zaidi. iPhone kuanzia toleo la 12 la mwaka 2020 zina mpangilio wa kuruhusu data zaidi kwenye 5G, ambao hupandisha ubora wa simu za video na kuruhusu masasisho ya mfumo yapite kwenye data ya laini. Ukinunua ya aina hiyo, kagua mpangilio huo siku ya kwanza, na uchague hali ya data kidogo. Kwa simu za Android, anza na kiokoa data kabla hujaweka laini.